Ndugu yako kafungwa kesi ya madawa ya kulevya na mnataka kukata rufaa? Anzeni hivi

Hii ni kwa Tanzania bara, na naandika kama dada mtu niliyepita huko, sio wakili.

Kabla hamjaanza kuchangishana hela za wakili, hesabuni siku. Kama hukumu imetoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10 na petisheni yenyewe, ile karatasi yenye sababu za rufaa, siku 45 tangu hukumu, ila zile siku mnazosubiri nakala ya hukumu na mwenendo (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) hazihesabiwi kwenye hizo 45. Kama kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu, tuseme ile divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi, basi mnaenda Mahakama ya Rufani na notisi ni siku 30. Mfungwa anaandikia hukohuko gerezani, anaweka dole gumba, mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani. Nyie wa nje hakikisheni imefika na imegongwa mhuri wenye tarehe, na mpige picha. Mdogo wangu aliweka dole siku ya tatu tu, karatasi ikalala kwenye droo ya ofisi moja wiki sita, ikabidi tuombe kuongezewa muda kwa kiapo, miezi minane ikapotea hivihivi na mtoto wa watu yuko ndani.

Halafu ombeni mwenendo wa kesi mzima, msiridhike na hukumu. Mle ndani ndio kuna kila neno la shahidi, na rufaa ya kwanza mahakama inaupima ushahidi wote upya, ile ya pili ni hoja za sheria tu, kwa hiyo mkizembea ya kwanza mmekwisha.

Ukishaupata kaa na kalamu uufuate mzigo toka mkono hadi mkono. Nani alikamata, saa ngapi, hati ya ukamataji ilijazwa palepale au kituoni, yule mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia upekuzi alisaini, na alikuja kutoa ushahidi? Bahasha ilifungwaje, iliandikwa alama gani, nani aliipokea stoo ya vielelezo, nani aliipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na nani akairudisha. Kwa mdogo wangu, ukurasa wa 31 askari anasema kete 47 kwenye bahasha ya kaki, ukurasa wa 58 mkemia kapokea kete 45 kwenye bahasha nyeupe, na hakuna aliyeuliza! Nilipiga mstari mwekundu mkono unatetemeka. Hapo ndipo mnaitaja Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ya Mahakama ya Rufani, ndiyo inayotumika sana kwenye mambo ya mnyororo wa vielelezo, yaani huko kupita kwa mzigo mkono hadi mkono, na hukumu hizi zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ila msijidanganye kwamba karatasi moja ikikosekana mtu anatoka, siku hizi majaji wanakubali mnyororo uthibitishwe hata kwa maneno ya mashahidi, kwa hiyo onyesheni pengo lenyewe liko wapi, ukurasa kwa ukurasa. "Mimi nimesingiziwa" haimsaidii mtu.

Angalieni pia kama ripoti ya mkemia na hati ya ukamataji zilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, zisiposomwa zinaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu.

Na hili watu wengi hawalijui: makosa mengi ya madawa ni ya uhujumu uchumi, na hayo mahakama ya chini haiwezi kuyasikiliza bila kibali cha kushtaki na hati ya kuiruhusu isikilize kutoka kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), na kasoro humo zimeshafuta kesi nyingi. Sasa msishangilie mapema, kesi ikifutwa kwa kasoro kama hiyo mahakama inaweza kuamuru ianze upya. Tangu 1966 msimamo ni kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake, kwa hiyo hata kama hoja yenu kubwa ni hiyo hati, yale mapengo ya kete na bahasha yaandikeni kama sababu inayojitegemea, na muombe wazi kwamba mtu aachiwe bila kuamriwa kesi irudiwe.

Hela ya wakili ikikosekana, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, muulizeni ofisa wa gereza aliko ndugu yenu wasaidizi wa kisheria wanakuja siku gani, na mwende na nakala ya mwenendo mkononi.