Mnahamia Würzburg wawili? Anzeni na sanduku la barua

Kila mwezi napigiwa simu na mtu: "Kaka, mke wangu kapata kazi Ujerumani, nipe mbinu." Anauliza ya viza, anauliza ya nauli, anashukuru, anakata. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu Jumanne asubuhi, mke yuko zamu, wewe umebaki peke yako ghorofa ya tatu na maganda ya ndizi mkononi, hujui yanaingia pipa lipi kati ya manne. Mimi nitaandika ya hiyo Jumanne. Ya viza ulizeni ubalozini.

Sisi tulikaa Würzburg miaka mitatu. Ni mji wa jimbo la Bavaria ulio kando ya mto Main, watu kama laki moja na elfu thelathini, na tangu 1966 ni mji rafiki wa Mwanza. Mke wangu ni muuguzi, alitangulia mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Makoroboi, hapa Mwanza, nikamfuata mwezi wa kumi. Hapo tayari nilikosea. Kama mnaweza kuchagua, anayefuata afike mwezi wa nne au wa tano. Sisi wa huku jua letu halina maringo, saa kumi na mbili na ushei linatoka, saa kumi na mbili na ushei linazama. Kule Desemba linachomoza saa mbili imepita, na kabla ya saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Nilidhani naumwa. Kumbe ni mwezi tu.

Kabla hamjaondoka, kaeni mezani na vyeti vyote: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa. Someni majina herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Elizabeth na cheti cha ndoa kinasema Elizabeti, malizeni hilo hapa hapa, RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, mnaijua ilipo. Ukiwa kule, herufi moja itakula miezi. Na anayemfuata mwenzake, anaweza kutakiwa awe amefaulu Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza kabisa, kabla ya kupewa viza. Mtihani nilifanyia Dar es Salaam, Goethe, ile taasisi ya Kijerumani. Msichukulie A1 kama karatasi ya kupitia mlangoni. Ile "naitwa nani, natoka wapi, hii ni bei gani" ndiyo itakayokusaidia dukani wiki ya kwanza.

Sasa nyumba. Kwa kodi tu, Mjerumani ana afadhali kuliko wenye nyumba wetu wa Nyakato: hadai miezi sita mkupuo, unalipa mwezi kwa mwezi. Anachoshika ni dhamana, na sheria hairuhusu izidi kodi ya miezi mitatu. Hiyo kodi inayohesabiwa wao wanaiita "ya baridi", yaani kabla ya kuongeza gharama za kupasha joto, maji na taka. Kwa hiyo ukiona tangazo, uliza: hii ni ya baridi au ya moto? Tofauti inaweza kuwauma.

Halafu, jiko. Siku tunakabidhiwa funguo, tunaingia, chumba kinachoitwa jiko kina bomba mbili zinazochungulia ukutani na kigae. Hakuna sinki, hakuna jiko, hakuna kabati. Juu kote waya zinaning'inia, hata balbu hakuna. Nikamwangalia mke wangu, nikamwambia, mzee wangu alinitangazia ukoo mzima kwamba nimepata jiko, sasa jiko lenyewe limekuja kwenye nyumba isiyo na jiko. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wengi kule wanahama na majiko yao. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza kama jiko linabaki, na kama mpangaji anayetoka anauza lake, nunueni hilo. Sisi tulipikia kwenye koili moja ya umeme kwa wiki tano.

Mkishapata funguo, kazi ya kwanza siyo kununua kitanda. Ni kuandika majina yenu kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya chini. Majina ya wote wawili, kama yalivyo kwenye pasipoti. Kule hakuna cha "mwambie nipo kwa Mama Fulani, karibu na msikiti". Mpeleka barua akikosa jina lako, barua inarudi ilikotoka, na maisha yote ya kule yanapita kwenye barua: kadi ya benki, namba ya mlipakodi, bima, miadi. Jina langu lilikosekana kwenye lile sanduku kwa siku kumi na moja, kwa sababu nilikuwa nasubiri mwenye nyumba alete kibandiko kizuri. Namba yangu ya mlipakodi ikapotelea hapo. Andika kwa kalamu, bandika kwa selotepu, kizuri kitakuja baadaye.

Kisha mkajiandikishe mjini. Wanaita Anmeldung, na sheria inawapa wiki mbili tangu kuhamia. Bebeni pasipoti zote mbili, cheti cha ndoa chenye tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, na fomu ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba mnaishi kwake. Mkataba peke yake hautoshi, wanataka ile fomu. Mkishaandikishwa, mengine yanafunguka. Mmoja akiwa na bima ya afya ya umma na mwingine hana kipato, asiye na kipato anaingia kwenye bima ya mwenzake bila kuongeza senti. Ulizeni pia madaraja ya kodi ya mapato ya wanandoa, ndiyo yanayoamua mshahara unakatwa kiasi gani. Kama anayelipwa ni mmoja tu, mkichagua 3 na 5 badala ya 4 na 4, mshahara unaoingia kila mwezi unakuwa mnono zaidi.

Baada ya muda ikaja barua inatudai ada ya redio na televisheni. Televisheni hatukuwa nayo. Nikamwambia mke wangu hawa ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikaichana. Msiichane. Ni ada halali, kila nyumba inalipa, uwe na televisheni au usiwe nayo, euro 18.36 kwa mwezi. Ya pili ilikuja na faini.

Miadi nayo ina mtego wake kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili. Mhudumu wa ofisi moja aliniambia kwa simu nije "halb drei". Halb ni nusu, drei ni tatu. Nikajua saa tatu na nusu kwa saa zao, yaani saa tisa na nusu kwetu. Nikafika nimepiga pasi mpaka soksi. Kumbe kwa Mjerumani nusu ya tatu ni nusu ya kuelekea tatu: saa nane na nusu mchana. Nilichelewa saa nzima, nikapewa miadi mingine baada ya wiki sita. Tangu siku hiyo kila saa ninayoambiwa naomba niandikiwe kwa tarakimu, 14:30, yamekwisha.

Ndani ya nyumba, jambo la kuchunga ni madirisha. Sisi tukiona baridi tunafunga kila kitu, na tulifunga. Maharage yanachemka saa mbili, nguo zinaanikwa sebuleni, mvuke wote unabaki ndani. Mwezi wa pili nikasogeza kabati, nyuma yake ukuta mweusi kama sufuria ya kuni. Ukungu. Mwenye nyumba alikuja na kipimo chake cha unyevu, akatufundisha kama watoto: fungua madirisha yote wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, mara kadhaa kwa siku, hata kama nje theluji inaanguka, kisha funga. Usiyaache nusu wazi siku nzima, kuta zinapoa na unalipia moto unaotoka nje.

Taka hazina ugumu ukishapata kalenda ya mtaa wenu. Maganda yana pipa lake, karatasi lake, vifungashio vya plastiki vinakusanywa kivyake, kinachobaki ndicho taka. Chupa na makopo ya soda msitupe: kila moja ya kutumika mara moja ina senti 25 zako, unaipeleka kwenye mashine ya dukani inakupa risiti. Jumapili maduka yamefungwa, na Bavaria siku nyingine mwisho ni saa mbili usiku. Jumapili pia usitoboe ukuta, ni siku ya kimya. Nilitoboa.

Chakula. Unga mweupe wa ugali mtaupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Ule wa njano wa Kiitaliano msije mkadanganyika, unakuwa uji wa mchanga. Dagaa bebeni kutoka soko la Mwaloni, samaki mkavu wa matumizi yenu anaruhusiwa kuingia, mpaka kilo 20 kwa mtu. Nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa, siagi ya bibi iacheni kwa bibi. Michembe yetu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilifika salama. Lakini dagaa mkizikaanga, kaangeni dirisha likiwa wazi, na muwape majirani taarifa.

Na siku moja, kwenye friji la duka, nikakutana na mtu wa nyumbani. Pakiti imeandikwa Viktoriabarsch. Nikaigeuza nyuma: Tanzania, Ziwa Victoria. Sangara! Minofu miwili mieupe, haina ngozi, haina mwiba, haina kichwa. Nimekula mapanki tangu utoto, ile mifupa inayobaki viwandani mnofu ukishasafirishwa, na sikuwahi kujiuliza mnofu wenyewe unakwenda wapi. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akaniomba nimpishe afungue mlango. Nikanunua, nikapika na nyanya. Supu haikupatikana. Supu iko kichwani.

Lakini kinachovunja watu kule siyo ukungu wala barua. Hapa Mwanza mkinuniana, kabla ya jioni ataingia shemeji, au wifi, au jirani anaomba chumvi, mtalazimika kucheka. Kule sisi tulinuniana siku nne kwa sababu ya sufuria, na hakuna aliyebisha hodi. Akiwa zamu ya usiku analala mchana, mimi natembea kwa vidole kwenye mbao zinazolia. Na hela ni yake. Mwanamume mzima naomba nauli ya tramu.

Tulichofanya ni hivi. Tulifungua akaunti ya pamoja, kila mwezi sehemu ya kila mmoja inatoka bila kuombana. Pili, niliingia darasa la lugha, lile la vipindi 600 na vingine 100 vya kujifunza nchi, si kwa sababu ya cheti bali nipate mahali pa kwenda saa mbili asubuhi. Anayefuata awe na safari yake ya kila siku tangu wiki ya kwanza, hata kama ni kurudisha chupa. Tatu, Jumapili jioni lazima tutoke wote, simu zinabaki nyumbani. Tulikuwa tunakwenda kwenye daraja la zamani lenye sanamu za watakatifu, watu wamesimama na glasi za mvinyo, sisi na karanga zetu. Main ni mto tu, ukizoea ziwa unaona ng'ambo yake ukajiuliza hii nayo ni maji. Lakini ni maji. Pale ndipo nilipowasimulia watu kwamba Mwanza kuna mwamba unaitwa kwa jina la Bismarck, chansela wao wa zamani, na hakuna aliyekuwa anajua.

Mkiamua kurudi, toeni notisi ya nyumba miezi mitatu kabla, zibeni matundu yote ya misumari, mkajifute kwenye daftari la mji kama mlivyojiandikisha. Dhamana hairudi siku hiyo hiyo, mwenye nyumba anasubiri hesabu za maji na moto. Mwachieni namba ya akaunti ambayo haitafungwa. Yetu iliingia tukiwa tumeshafika nyumbani Buswelu, fundi anadai hela ya tofali za choo.