Kupima kingamwili za insulini kwa paka: kazi inaanzia kwenye bomba la sindano

Insulini ya ng'ombe inatofautiana na ya paka kwa asidi amino moja tu, ya nguruwe kwa tatu, ya binadamu kwa nne. Ndiyo maana mwili wa paka mwenye kisukari unaweza kuitengenezea kingamwili ile anayochomwa. Lakini sukari ikigoma kushuka, ni nadra kosa kuwa la kingamwili. Kagua bomba kwanza: insulini ya yuniti 40 kwa mililita ikivutwa kwa bomba lililotengenezwa kwa insulini ya yuniti 100 kwa mililita, paka anapata sehemu mbili kwa tano tu za dozi. Angalia pia meno yaliyooza na dawa za steroidi, maana navyo hufanya sukari igome kushuka.

Damu ichukuliwe asubuhi, kabla ya sindano ya insulini. Ukichelewa, insulini iliyokwisha kuingia huzikalia kingamwili na kipimo kinazikosa. Mililita 2 kutoka mshipa wa shingo zinatosha, kwa sindano ya geji 22 au 23. Vuta polepole, kisha toa sindano ndipo umimine kwenye tyubu kavu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Chembe nyekundu zikipasuka, seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) inageuka nyekundu na usomaji wa rangi unaharibika.

Baridi ya kwetu nayo ina lake. Maelekezo yakisema "joto la chumba" yana maana ya nyuzi 20 hadi 25, na asubuhi ya Julai huku Nyanda za Juu Kusini, kule Makete au Uyole, chumba hakifiki huko. Damu inachelewa kuganda, halafu seramu inabaki na nyuzinyuzi zinazoziba pipeti. Simamisha tyubu kwenye maji ya nyuzi 25 kwa dakika 30 hadi 60, zungusha kwa mashine kwa nguvu ya 1,500 g (mara 1,500 ya mvutano wa dunia) dakika 10, gawa seramu kwenye vichupa viwili, gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Usiyeyushe na kugandisha tena.

Ukituma seramu maabara kwa basi kwenda Morogoro, usidanganywe na ubaridi wa Makambako: ukishashuka Kitonga, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi ni joto. Funga boksi na barafu ya kutosha safari nzima.

Maabara, kwa njia ya Elisa (kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi), pakaza sahani ya vishimo 96 insulini maikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita, usiku kucha kwenye friji. Osha, ziba nafasi zilizobaki kwa protini ya albumini, weka seramu iliyozimuliwa mara 100, kisha kingamwili inayotambua IgG (aina kuu ya kingamwili za damu) ya paka, yenye kimeng'enya cha peroksidesi kinachotoa rangi kikiwekewa kemikali yake. Inayotambua IgG ya mbwa au binadamu haifai kuwa mbadala. Rangi ikitokea, isimamishe kwa asidi, soma kwenye nanomita 450. Ikishatoka kwenye friji, sahani nzima ikae kwenye inkubeta, la sivyo rangi itachelewa na utadhani paka hana kitu.

Mtego mkubwa ni protini za seramu kunata ovyo kwenye plastiki. Kila sampuli ipewe kishimo cha pili ambamo seramu imechanganywa kwanza na insulini nyingi. Rangi ikishuka sana pale, kingamwili ni za insulini kweli. Isiposhuka, usiandike "chanya", hata iwe kali namna gani. Mpaka wa kawaida utoke kwa paka wenye afya wasiowahi kuchomwa insulini, waliopimwa kwenye sahani hiyohiyo.