Kabla hujaanza kuchonga viti vya mkongo nyumbani kwako

Kama shida yako ni stuli ya kukalia unapoosha vyombo, nunua paini, gonga misumari, maliza. Haya ni kwa yule anayetaka kiti cha kuchongwa hasa: kikalio kilichobonyea, mikono iliyopinda kama imeota yenyewe, mgongo unaokupokea ukiegemea. Tena anataka kukifanya kwa mbao ngumu, mkongo au mkurungu, nyuma ya nyumba yake hapa hapa Mwanza. Sikukatazi. Ila kuna mambo ya kumaliza kabla hujanunua hata ubao mmoja.

Karatasi kwanza. Mzigo halali wa mbao hizi una hati ya kusafirishia na alama ya nyundo ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Dai risiti, itunze. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa saa mbili usiku, ujue umenunua kesi. Mpingo uache kwanza: mti wenyewe mwembamba, umepinda, na tangu Januari 2017 uko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kiti kizima cha mpingo hakivuki mpaka bila kibali.

Ukavu. Muuzaji atakwambia ni kavu; sijawahi kukutana na aliyesema ni mbichi. Kata kipande cha upana wa kiganja katikati ya ubao, si mwishoni, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Wiki ijayo pima tena. Ukiona gramu zimepungua sana, ndani ya ubao bado kuna maji. Paka ncha zote mbili rangi ya mafuta ili zisipasuke, panga mbao kivulini huku umezitenganisha kwa vijiti, kisha uwe na subira. Wazee wa kazi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Na usipime katikati ya masika ukadhani umepata jibu la mwaka mzima. Hewa ya ziwa nayo inanywesha mbao.

Uzito. Hapa watu hawapigi hesabu. Ili ubonyeze kikalio kwa inchi moja bila kukitoboa, unahitaji ubao wa inchi mbili. Kikalio cha sentimita 45 kwa 45, cha mkongo uliokauka, kinakaribia kilo nane kabla hujachonga, na hapo hujaweka miguu, mikono wala mgongo. Mteja wangu wa pili anaishi juu kabisa Bugarika, kule ambako gari linaishia chini na njia inapita katikati ya majabali. Kiti chake tulikibeba watu wawili kwa zamu, tukapumzika mara nne, na kila tulipopumzika kuna mtu alikikalia. Siku hizi namuuliza mteja anakaa wapi kabla sijamuuliza anataka rangi gani.

Chonga kiti cha majaribio kwa paini. Kikalie nusu saa ukila. Mbele kikalio kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 45, nyuma kishuke kidogo. Ukiona unateleza kuja mbele, rekebisha kwenye paini, si kwenye mkongo.

Umeme. Grainda usiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji. Shika waya baada ya dakika kumi. Ukiwa wa moto, ni mwembamba mno. Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine kabla hujaenda kunywa chai. Umeme utarudi bila hodi, na grainda haijui kwamba umeilaza juu ya meza. Ile diski yenye meno ya mnyororo inayouzwa kwa kuchongea, iache dukani. Ikinasa kwenye mbao ngumu inaruka, na inakurukia wewe.

Gundi. Ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, utaona jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Viti vya namna hiyo vilichongwa kwenye gogo moja, kwa hiyo fundi wake hakuwa na kiungo cha kumkosesha usingizi. Sisi tunaounga ulimi na tundu tuna kazi ya ziada. Baadhi ya mbao hizi zina mafuta yake ya asili na gundi haishiki juu ya mafuta. Futa kiungo kwa thina, subiri dakika chache kikauke, paka gundi hapo hapo. Usisafishe leo ukaunge kesho.

Sasa vumbi. Hapa nisikilize vizuri.

Banda langu la kwanza nililijenga upande wa ziwani. Nguzo nne, bati sita, meza ikitazama maji. Nilijiona mjanja: nachonga huku naangalia mitumbwi. Nilichosahau, na nimezaliwa hapa hapa, ni kwamba mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa hiyo banda, kisha jiko la mke wangu, kisha uwanja wa jirani, vyote vilikuwa kwenye mstari mmoja.

Nilipiga msasa kwa grainda siku tatu, mdomoni nimejifunga kitambaa. Siku ya kwanza macho yaliwasha, nikasema ni usingizi. Siku ya pili nilipiga chafya mpaka mbavu zikauma. Siku ya tatu alasiri jirani alikuja na dagaa mkononi. Yeye huchukua mzigo mwaloni Kirumba, anaumalizia kukausha kwenye nyavu uani kwake, kisha anauza.

"Shemeji," akasema, "hizi dagaa umezitia binzari?"

Akamsugua dagaa mmoja kwa kidole gumba. Kidole kikawa na rangi ya chungwa. Nikaenda kuangalia. Nyavu nzima, na nyavu ya pili, kama mtu kapita na chekecheo. Nililipa madebe matatu, na hakunitukana, jambo lililoniuma zaidi ya pesa.

Usiku ule ule mwanangu wa miaka sita akaanza kukohoa, kikohozi kikavu chenye filimbi ndani yake. Tuliamka naye mpaka alfajiri. Kwenye zahanati muuguzi alimsikiliza kifua, kisha badala ya kumtazama mtoto akatazama nguo zangu. "Baba, nyumbani mnafanya kazi gani?" Mtoto alikuwa amelala begani kwangu, pua yake kwenye shati nililopigia msasa.

Vumbi la mkongo linawasha pua na macho, la mvule linaweza kuleta vipele na pumu, la mninga hali kadhalika. Na hayo ni ya haraka tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua, kwa wanaolivuta miaka mingi.

Kwa hiyo banda nimelihamishia upande ambao upepo wa mchana unaondoka na vumbi bila kupita kwa mtu. Grainda naiwasha asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Nanunua barakoa ya mpira yenye vichujio viwili; kitambaa ni mapambo. Sakafu nainyunyizia maji kabla ya kufagia. Nguo za kazi hazivuki kizingiti, na simbebi mtoto kabla sijaoga. Halafu kazi kubwa ya umbo naifanya kwa patasi, randa na tupa. Randa inatoa maranda, yanaanguka miguuni, unayaokota. Ni polepole, lakini maranda hayapandi kwenye nyavu za dagaa.

Siku ya kupaka mafuta ya linsidi, usiyakunje matambara ukayatupia kona. Yanajipasha joto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Mawe tunayo ya kutosha hapa. Tandaza matambara juu ya jiwe, moja moja, mpaka yakauke. Patasi isilale ukingoni mwa meza. Kandambili hapana. Glavu karibu na drili inayozunguka hapana. Usichonge ukiwa na njaa, wala mteja akiwa amesimama nyuma yako anaangalia saa. Na banda lifungwe kwa kufuli, maana watoto wakiona lundo la maranda wanataka kulirukia, na humo ndimo patasi hupotelea.