Upepo umeezua bati: kuinusuru nyumba na kuezeka paa lisiloondoka tena

Bati likishaezuliwa, wengi hulikimbilia, wakalinyoosha na kulipigilia palepale lilipotoka. Tunaomba usifanye hivyo. Paa lililoondoka limekuonyesha mahali lilipokuwa dhaifu, na ukilirudisha kwa misumari ileile kwenye matundu yaleyale, upepo mdogo kuliko ule wa kwanza utatosha kulichukua. Maelezo haya yanalenga nyumba za tofali na bati kama zilivyo nyingi Lindi, Mtwara na Pwani. Pwani hiyo ya kusini ndiyo iliyopigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 ikafikiwa na Kimbunga Hidaya.

Kabla hujagusa kitu

Zunguka nyumba kwa nje, mchana, kabla ya mtu yeyote kuingia. Tazama nyaya za umeme, kuta zilizoinama, na mbao au bati linaloning'inia. Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani. Kaa mbali nao mita 10 au zaidi, zuia watoto, wapigie TANESCO. Usiusogeze kwa mti, kwa sababu mti uliolowa hupitisha umeme. Kama unaweza kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji, izime. Mwenye sola akumbuke kwamba paneli huendelea kuzalisha umeme maadamu jua linaipiga, hata ikiwa imepasuka. Ifunike kwa blanketi zito kabla ya kushika nyaya zake.

Ukuta wa kuogopwa zaidi ni ule wa pembetatu kwenye ncha za nyumba ya paa la pande mbili. Paa ndilo lililokuwa limeushikilia; likiondoka, unabaki umesimama peke yake. Kwa nyumba za tofali za tope hatari huchelewa. Mvua hulowesha ukuta chini, nao huweza kuporomoka usiku wa pili au wa tatu, watu wakiwa wamelala ndani wakidhani mambo yamekwisha. Lazeni watoto kwa jirani au kwa ndugu mpaka ukuta ukauke na kukaguliwa. Ukuta ulioanza kuinama uegemeze kwa mirunda upande unakoelekea kuangukia, kila mrunda uwe na kipande cha ubao ukutani na kigingi kilichochimbiwa chini. Kazi hiyo ifanywe na watu wachache, mmoja wao akiwa nje anaangalia ukuta tu.

Nyufa zipime. Weka alama ya kalamu kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Ufa unaorefuka, au unaopanuka kiasi cha kuingiza kidole, unahitaji fundi mwashi au mhandisi kabla hujapandisha paa jipya juu yake.

Ndani, angalia dari. Jipsamu iliyonywa maji hushuka katikati kama tumbo, na inaweza kuanguka na kumuumiza mtu. Umeme ukiwa umezimwa, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa fimbo ndefu yenye ncha, maji yashukie kwenye ndoo. Nyumba za zamani zenye paa la asbesto zinataka uangalifu wa aina yake: vipande vilivyovunjika vilowanishwe kwanza, visikatwe kwa msumeno wala kufagiliwa vikiwa vikavu, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Vaa barakoa nzuri, vifunge ndani ya nailoni nzito, uliza halmashauri pa kuvipeleka.

Piga picha za kila kitu kabla ya kusogeza: paa kwa mbali, kila chumba, viungo vya mbao vilivyong'oka. Mwite mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aje aone mwenyewe, uombe barua. Barua hiyo ndiyo itakayokupeleka kwa mtendaji wa kata na kwenye kamati ya maafa. Mwenye bima aijulishe kampuni mapema na asitupe mabaki kabla hawajakagua.

Turubai la siku za mwanzo

Turubai likiwekwa vibaya huondoka usiku wa kwanza. La mita 4 kwa 6 linatosha chumba kimoja na ziada. Lipitishe juu ya mgongo wa paa lishuke upande wa pili angalau mita moja, maana likiishia chini ya mgongo maji yatapita kwa juu na kuingia chini yake. Usipige msumari kwenye turubai tupu, litachanika. Chukua papi, yaani mbao nyembamba inayopigiliwa bati, ya inchi 2 kwa 2, ivingirishe ndani ya ukingo wa turubai mara mbili, kisha pigilia papi hiyo kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) au kwenye papi za paa. Livute likaze, lisiache bonde la kukusanya maji. Mawe na matairi juu ya paa hatuyapendekezi: upepo ukirudi yanaporomoka juu ya watu, na uzito wake ni mdogo mno kushindana na upepo unaonyanyua paa.

Usipande paa lililolowa, wala upepo unapovuma. Bati lenye maji huteleza hata kwa aliyezoea, na ukikanyaga katikati ya papi mbili unaweza kutumbukia.

Kuezeka upya

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukiingia ndani kwa mlango au dirisha lililofunguka husukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili hukutana kwenye pembe, kwenye miisho na karibu na mgongo, na ndiyo maana bati la pembeni huanza. Likishanyanyuka hilo, yanayofuata hufunguka moja baada ya jingine.

Tafuta kiungo kilichoachia. Paa lina viungo vitatu: bati na papi, papi na kenchi, kenchi na ukuta. Kama bati limeondoka peke yake na papi zimebaki, tatizo ni misumari ya bati. Kama bati limeruka pamoja na papi zake, papi hazikufungwa vizuri kwenye kenchi. Kama paa zima limekaa uwanjani na kenchi zake, halikuwa limeshikamana na ukuta; lilikuwa limekalia tu. Ukiimarisha kiungo kimoja, cha chini yake ndicho kitakachofuata, kwa hiyo vikague vyote vitatu hata kama kimeachia kimoja.

Anza na ukuta. Nyumba zetu nyingi zina lenta, yaani mkanda wa zege, juu ya madirisha, kisha kozi kadhaa za tofali, kisha mbao inayolala juu ya ukuta. Mbao hiyo ikishikwa na tofali za juu tu, itaondoka nazo. Toboa kwenye maungio ya udongo au saruji chini ya lenta, pitisha waya wa mabati wa milimita 3 uliokunjwa mara mbili, uzungushe juu ya mbao na kenchi, ukaze kwa kuusokota na kipande cha nondo. Hapo paa linashikwa na uzito wa lenta nzima. Pasipo na lenta, shuka kozi 4 au 5. Funga kila kenchi. Anayejenga upya kabisa aache nondo za milimita 8 zikitoka ndani ya lenta wakati wa kumwaga zege, apande nazo mpaka juu, azikunje juu ya mbao.

Papi na kenchi zifungwe kwa utepe wa chuma unaopita juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi, misumari miwili kila upande. Sababu ni kwamba msumari unaovutwa kuelekea kichwani mwake hung'oka kwa urahisi, lakini unaovutwa kwa ubavu hushikilia. Msumari mmoja uliopigwa kutoka juu ya papi kwenda kwenye kenchi unavutwa kuelekea kichwani kila upepo unapokuja.

Mbao zinunuliwe kavu na zilizowekwa dawa. Ubao mbichi ukikauka hunywea na kuuachia msumari. Papi zisipishane zaidi ya sentimita 90, na karibu na miisho na mgongo ziwe kila sentimita 60.

Sasa bati. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kwenye pwani yenye upepo hatushauri 32, kwa sababu bati jembamba huchanika pale kwenye kichwa cha msumari, bati likaenda na msumari ukabaki. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe isipigwe bondeni yanakopita maji. Kwenye papi ya mwisho, ya mgongo wa paa na za pembeni, piga kila wimbi la pili. Katikati, kila la tatu. Bati la mita 3 lenye mawimbi 10 na papi 5 litakula takriban misumari 20. Fundi akikuambia minane inatosha, mwambie aongeze. Misumari iliyosokotwa ni bora kuliko laini, skrubu zenye mpira ni bora zaidi, na ncha ya msumari ikitokeza chini ya papi ikunjwe.

Bati za zamani zilizonyooka zinaweza kutumika, ila usirudishe msumari kwenye tundu la zamani. Sogeza wimbi moja pembeni, tundu lililobaki lizibe kwa silikoni. Bati lililochanika kwenye matundu au kukunjika kwa pembe kali liwe la choo cha nje au banda la kuku.

Mbavu zipandane wimbi moja na nusu, na kwa urefu zipandane sentimita 15, au 20 paa likiwa limelala. Upepo wenye mvua wa Aprili na Mei kusini mwa pwani hutoka kusini, basi anza kuezeka upande wa kaskazini ukielekea kusini, ili mdomo wa maungio usiutazame upepo. Miisho isitokeze zaidi ya sentimita 50. Baraza pana lijengewe paa lake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba, ili likiondoka liondoke peke yake.

Wakati ndani panakauka

Fungua madirisha mchana kutwa. Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa wala kuwasha jenereta ndani au barazani, hewa yake huua watu usingizini. Umeme usirudishwe mpaka fundi umeme afungue soketi zilizolowa na kupima nyaya. Maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko yachujwe kwa kitambaa na kuchemshwa mpaka yatokote. Kuta za tope zisipigwe plasta ya saruji zikiwa na unyevu. Subiri wiki kadhaa, vinginevyo plasta itabanduka kwa vipande vikubwa.

Baada ya miezi mitatu hivi, mbao zikishatulia, panda tena juu siku kavu uikaze misumari iliyolegea na usokote upya waya za kenchi.