Kuchonga totemu na pawa so: kata kina mpaka kivuli kionekane

Totemu ni nguzo ya gogo yenye sura za wanyama zimepangwa moja juu ya nyingine. Watu wengi wakishika pawa so, ule msumeno wa injini wenye mnyororo, mara ya kwanza wanachonga ni kama wanaandika na kalamu, wanakwaruza gogo juu juu, ukiwa karibu unaona macho na mdomo lakini ukirudi hatua kumi nyuma ni gogo tu limesimama. Shida ni kina. Hapa Nairobi jua la saa sita linakupiga utosini, so kitu inaonyesha sura si mstari, ni kivuli, na kivuli kinatoka kwa nyusi iliyotokeza na jicho lililoingia ndani. Hiyo ishike kichwani mpaka mwisho.

Gogo kwanza. Mimi napenda jakaranda juu ni laini na haimalizi mnyororo haraka, hata wachongaji wa Kikamba wameitumia miaka mingi vile mpingo na muhugu zilianza kuadimika. Lakini kama kazi itakaa nje kwa mvua tafuta saipras, inavumilia zaidi na inanukia vizuri sana ukiikata. Mkaratusi achana nao, unapasuka na kujipinda. Na tafadhali usiangushe mti wa jiji bila ruhusa ya kaunti, kuna magogo ya kutosha ya kununua.

Urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 40 hivi unatosha kuanza. Siku hiyo hiyo paka nta ama rangi ya mafuta kwa ncha zote mbili, juu maji hutoka kwa ncha haraka kuliko ubavuni na hapo ndo nyufa huanzia. Gogo langu la kwanza niliacha kwa jua wikendi mbili bila kupaka chochote, likapasuka toka kichwani mpaka kifuani, iliniuma kweli. Siku hizi napitisha pia mkato mmoja mrefu wa wima mgongoni mpaka kwa kiini, ndio mti ukikauka upasukie huko nyuma.

Mashine isiwe ile kubwa ya kuangushia miti, tafuta yenye upanga (ile bamba ndefu ya chuma mnyororo unazungukia) wa inchi 12 ama 14. Mchanganyiko wa petroli na oili fuata kitabu cha mashine yako, zile za 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja. Noa mnyororo na tupa ya duara kila unapojaza tenki, ukiona inatoa vumbi badala ya vipande ujue imeisha makali na utaanza kuisukuma, na kusukuma ndo kunaumiza watu. Helmeti yenye wavu, vizuia sauti vya masikio, glavu, buti ngumu, suruali ya kinga, usianze bila hizo hata kama ni mkato mmoja. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa mti, mashine inaruka kuelekea usoni kwako na hauna nguvu ya kuizuia, so kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio, usisimame moja kwa moja nyuma ya upanga, na usikate kitu kiko juu ya bega. Sehemu ya kichwa ichonge gogo likiwa limelala na limefungwa vizuri.

Sasa mchoro. Nguzo za totemu asili yake ni jamii za wenyeji kama Haida na Tlingit kule pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika, wanachonga alama za koo zao kwa mti wa sida, so usinakili sura zao, na vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za ukumbusho, usiviguse pia, hivyo ni vya wafu wao. Tafuta vyako. Wakalenjin kila ukoo una mnyama wake, muulize nyanya ama guka. Tuseme kobe chini, simba katikati, ndege juu. Mdomo wa ndege uelekeze chini kifuani, ukiutokeza mbele nyuzi za mti zitapita zikiukingama badala ya kufuata urefu wake, na utavunjika.

Chora na chaki, toa magome, alafu kata maumbo makubwa ya wanyama wote watatu kabla hujagusa jicho hata moja. Kwa simba piga mkato wa kulala chini ya nyusi, sentimita 5 ama 6 ndani, kisha mwingine wa kupanda kutoka shavuni ukutane nao, kile kipande cha pembetatu kinadondoka chenyewe na hapo hapo unaona simba amekuangalia, na bado hata mboni hujachora. Nikifika hapo huwa nazima mashine nikae nimwangalie kidogo.

Manyoya na meno malizia na grainda na patasi, msasa kidogo tu. Likikauka paka mafuta ya linsidi mara mbili tatu. Usilizike kwa udongo, mchwa watalimaliza, lifunge kwa chuma juu ya zege liachane na ardhi sentimita kadhaa. Alafu saa sita toka nje usimame mbali kidogo, pale hauoni kivuli, washa tena uongeze kina.