Gari limelala bila bima: mambo ya kuzingatia kabla hujaliwasha

Gari la marehemu baba mdogo lilikaa Kimara Suka, Dar es Salaam, zaidi ya mwaka mzima chini ya mwembe. Matairi yalikuwa yamekaa chini, betri imekufa, na majani yaliyooza yaliganda kwenye boneti mpaka tukayakwangua kwa kisu cha jikoni. Siku tulipoamua lipelekwe gereji, fundi alikuja na betri ya kuazima, akaunganisha nyaya, likakohoa mara mbili, likawaka. Akatoa kichwa dirishani: "Kaka, panda twende. Ni hapo tu Kimara Mwisho, dakika kumi." Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake, akauliza, "Na bima yake?" Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa imekwisha tangu baba mdogo yuko hospitali.

Tangu siku hiyo nimeulizwa jambo hili na watu wengi: aliyenunua gari kwa mtu, aliyerudi kutoka masomoni akakuta gari lake limelala, aliyeachiwa gari na ndugu. Wote swali lao ni moja, na nusu ya jibu wanakuja nalo: "ni safari fupi tu". Hapo ndipo ningependa kuanzia, kwa sababu ufupi wa safari haubadilishi chochote. Kutoka Suka hadi Kimara Mwisho unapita Barabara ya Morogoro, kuna bodaboda zinazochomoza kutoka uchochoroni, kuna watoto wanaovuka kwenda shule, na gari lenyewe ndilo lile ambalo breki zake hazijakanyagwa mwaka mzima. Kama kuna siku gari linahitaji bima kuliko siku zote, ni hiyo ya kwenda gereji.

Sheria ya Tanzania ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haikatazi tu kuendesha chombo kisicho na bima barabarani. Inakataza pia kumruhusu mtu mwingine akiendeshe. Kwa hiyo ukimpa fundi ufunguo, ukabaki nyumbani unakunywa chai, kosa bado ni lako pia. Na wengi hutafuta "kibali" cha kuwavusha siku moja: barua ya serikali ya mtaa, au neno la trafiki wanayefahamiana naye. Karatasi hizo zinaweza kueleza kwa nini gari linahamishwa, lakini haziwezi kumlipia mtu aliyevunjika mguu. Gari lililosajiliwa hapa linatembea kwa bima iliyo hai.

Kabla hujamtafuta wakala, jiulize gari ni la nani leo. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu, haihami na gari kama redio. Umenunua gari kwa mtu Tabata, akakuambia "bima ipo mpaka Desemba", hiyo ni bima yake yeye. Mtafute aliyeikata, iarifiwe kampuni, na hatua za kubadilisha umiliki TRA, Mamlaka ya Mapato, zianze: mkataba wa mauziano, kadi halisi ya gari, TIN (namba ya mlipakodi) za pande zote mbili. Kwa gari la marehemu, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sisi tuliona ni usumbufu kungoja, lakini bima iliyokatwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa ni ugomvi unaousubiri siku ya ajali.

Sasa bima yenyewe. Kuna ile tunayoiita bima ndogo, inayowalinda watu wengine dhidi ya gari lako, na bima kubwa, inayolinda na gari lako pia. Wengi huuliza kama wanaweza kukata ya wiki moja au mwezi. Muulize wakala kama kampuni yake inauza muda mfupi kwa aina ya gari lako, lakini usitegemee kwamba mwezi mmoja utalipa sehemu moja ya 12. Muda mfupi hupigiwa hesabu yake, na huwa ghali kwa kila siku unayoipata. Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo ya mwaka mzima imekuwa shilingi 118,000, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwa fedha hiyo mimi sioni sababu ya kuhangaika na siku saba. Kata ya mwaka, lipeleke gari gereji, likipona unaendelea nalo. Muda mfupi una maana zaidi kwenye bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi huanzia kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Na kwa bima hiyo kubwa kampuni itataka kulikagua na kulipiga picha kwanza, jambo gumu kwa gari ambalo bado limejaa majani.

Mwambie wakala matumizi ya kweli. Gari la namba ya njano lililokatiwa bima ya binafsi, ukaanza kupakia abiria wa kulipa kutoka Mbezi hadi Kibaha, limetoka nje ya mkataba.

Sehemu ninayoomba usiiruke ni kuhakiki. Stika za karatasi zilighushiwa sana mjini hapa, na leo bima huingizwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ukishalipa, usiridhike na ujumbe wa simu wala karatasi yenye mhuri. Fungua tovuti ya uhakiki ya TIRA, andika namba ya gari, usome kinachotokea: namba ya usajili, namba ya chasisi, jina, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Isome ukiwa na kadi ya gari mkononi, herufi kwa herufi. Yetu sisi wakala aliandika D mahali pa B. Karatasi ilikuwa nzuri, fedha ilikuwa imekwenda, na gari lililokuwa na bima ni la mtu mwingine kabisa ambaye hata hatumjui. Tulimpigia, akarekebisha, tukahakiki tena. Angalia pia saa ya kuanza. Bima inayoanza kesho haikusaidii jioni ya leo.

Halafu dereva. Fundi mzuri wa injini si lazima awe na leseni, na mara nyingi anayetumwa kulichukua gari si fundi mwenyewe, ni kijana wake, deiwaka wa gereji. Omba uone leseni, uangalie haijaisha na daraja lake linaruhusu gari hilo. Si kumdharau mtu. Kampuni ya bima ikikuta dereva hakuwa na leseni, inayo sababu ya kukugeukia wewe.

Gari lililolala huwa na madeni yaliyolala nalo. Tazama kwenye mfumo wa trafiki kama kuna faini ambazo hazijalipwa, kosa moja shilingi 30,000, na kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama kuna ushuru wa maegesho wa Posta au Kariakoo ambao mwenye gari aliusahau. Yote yanalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu taslimu barabarani. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017, kwa hiyo anayekudai hiyo kwa miaka ya karibuni mwulize TRA kwanza.

Lenyewe gari lisitoke bila taa za breki, honi, waipa, tairi zenye upepo, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Kanyaga breki likiwa uani, mara kumi, usikie kama pedali inazama. Ikizama, acha kabisa habari ya kuendesha. Ita gari la kubebea magari, lipandishwe juu zima. Kuvuta kwa kamba si njia ya kukwepa bima: gari la nyuma lina mtu kwenye usukani, liko barabarani, na breki zake bila injini kuwaka ni nzito kama jiwe.

Magari yasiyo na namba za hapa yana mambo yao, na hapo ndipo vibali vya muda vina kazi kweli. Gari la nje likiingia Namanga, Horohoro au Tunduma hupewa kibali na forodha ya TRA, chenye siku zake, na kuongezewa muda kunaombwa kabla hazijaisha. Kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya kuvukia mipaka, inatambulika hapa kwa mgeni aliye nayo, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Ukitoka wewe na gari lako kwenda Kenya au Zambia, ikate kabla hujaondoka. Afrika Kusini haimo. Gari lenye namba za Zanzibar likishuka bandarini Dar nalo linahitaji taratibu za forodha kabla halijaanza kuzunguka mjini. Na yale ya IT, yaani ya kupita tu nchini (in transit), yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani, yana bima ya safari hiyo tu. Usipande kwa nauli rahisi kwenda Mbeya. Halikuandikwa kubeba abiria, na ukiumia humo huna wa kumshika.

Letu liliwashwa tena baada ya yote hayo. Mama mdogo aliomba aone mwenyewe, nikamwonyesha kwenye simu: namba, chasisi, tarehe. Akasoma kwa sauti, polepole, akilinganisha na kadi aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kifo. Alipofika mwisho akamwita fundi, akamwomba leseni yake, akaitazama pande zote mbili, ndipo akafungua fundo la kanga na kumpa ufunguo.