Somo: Mzazi karudi nyumbani baada ya kiharusi, na maisha yako yamegeuka

Ndugu zangu, somo la leo ni la yule aliyekabidhiwa mama au baba kutoka wodini, amepooza upande mmoja, na ukoo mzima unamtazama yeye.

1. Usiache kazi wiki hiyo. Omba likizo, hata isiyo na malipo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo hali unayoiona leo huenda isiwe ya kudumu.

2. Itisheni kikao kabla watu hawajatawanyika. Nyumba nyingi huharibikia hapa, maana “tutasaidiana” si mpango. Andikeni nani anatoa pesa ya pampasi, nani ya dawa za presha, na tarehe ngapi. Mimi nashikilia hili: anayekaa na mgonjwa asidaiwe mchango sawa na walio mbali. Muda wake ni mchango, na litamkwe mbele ya wazee.

3. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kagua visigino, nyonga na juu ya makalio. Ngozi ikibadilika rangi na isirudi, kidonda kimeshaanza. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, utaumiza bega.

4. Ale akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kama nusu saa. Akipaliwa mara kwa mara, acha kumlisha umwone daktari. Chakula kinaweza kuingia mapafuni.

5. Gawaneni usiku. Mmoja hadi saa 8, mwingine hadi alfajiri. Hakuna anayeweza kuamka kila saa 2 peke yake mwezi mzima akabaki na akili timamu.

Maswali ya wanachama

Presha ya mama imeshuka. Aache dawa?
Hapana, dada. Imeshuka kwa sababu anameza dawa. Daktari wake ndiye wa kuzipunguza.

Baba hakuwa mtu wa kulia. Sasa analia hata akisalimiwa. Tumemkosea?
Pole sana. Kiharusi chenyewe kinaweza kuleta hilo, na huzuni pia. Mweleze daktari, inatibika.

Kaka zangu wanasema mimi sina mume, kwa hiyo nibaki na mama. Nikikataa nitalaaniwa?
Kumuuguza mama ni jukumu la watoto wake wote. Mwite mjomba au shangazi anayeheshimika akae kwenye kikao, uingie na orodha ya zamu na gharama mkononi.